Boga la Nazi Ughaibuni: Moto wa Juu na wa Chini

Boga la nazi, yaani boga lililopikwa kwa tui, iliki, sukari kidogo na chembe za chumvi, ni miongoni mwa vyakula vya futari, mlo wa kufungulia saumu, katika nyumba nyingi za Unguja na Mombasa. Waswahili waliohamia Uingereza hawakuliacha, ila katika baadhi ya majiko yao limepata sura ya pili: boga huokwa katika oveni, tui hupikwa peke yake likawa mchuzi wa viungo, na viwili hivyo hukutana mezani. Linalostahili kupimwa ni kipi kimehifadhiwa katika mabadiliko hayo na kipi kimepotea.

Boga lenyewe ni mgeni kote kuwili, kwa kuwa asili yake ni bara la Amerika na lilivuka bahari baada ya safari za Wareno na Wahispania. Aina ya butternut, yenye shingo ndefu na ganda la rangi ya mchanga, ambayo ndiyo inayopatikana kwa urahisi katika maduka ya Uingereza, ilizalishwa Massachusetts, Marekani, katika miaka ya 1940, nayo ni ya spishi ya Cucurbita moschata, sawa na maboga mengi ya nchi za joto. Katika muongo huohuo, mwaka 1944, ndipo lilipobuniwa nchini Uingereza neno la kumtaja vigani, mtu asiyekula chochote kitokanacho na mnyama, yawe maziwa, mayai au asali. Boga la nazi linatimiza sharti hilo bila kuondolewa kitu, na kwa hiyo mpishi wa Kiswahili humkaribisha jirani wa namna hiyo kwa chakula chake halisi.

Hata kuoka si jambo geni kwa mpishi wa pwani, ambaye tangu zamani hupalia makaa, yaani huyaweka juu ya kifuniko, ili mkate wa kumimina uive kwa moto wa juu na wa chini. Katika oveni yenye nyuzi 200 za Selsiasi, vipande vyenye unene wa vidole viwili, vilivyopakwa mafuta, chumvi na bizari nzima iliyotwangwa, huiva kwa takriban dakika 40. Havina budi kuachiana nafasi, kwani vikibanana hutoa mvuke na kutokota, ilhali vikitengana maji hukauka, sukari hujikusanya na kingo hugeuka kahawia. Wakati huo vitunguu, thomu na tangawizi hukaangwa, manjano, iliki na mdalasini hufuata, kisha tui hutiwa na kukorogwa kwa moto mdogo lisije likakatika, na ukwaju huongezwa mwisho ili ukali wake uukabili utamu wa boga.

Hasara, hata hivyo, ni ya kweli. Tui la kopo halina tofauti kati ya kasimile, tui zito la mkamuo wa kwanza, na tui jepesi la pili, ambazo mpishi wa nyumbani huzitia kwa zamu, jepesi la kuivishia na zito la kumalizia. Boga la dukani nalo hufika bila majani, wakati nyumbani mmea mmoja hutoa mboga ya majani wiki nyingi kabla ya tunda kukomaa. Zaidi ya hayo, chakula kilichokuwa na nafasi yake katika sinia la futari hugeuzwa kuwa cha pembeni.

Hasara hiyo ya mwisho ndiyo iliyo mikononi mwa mpishi mwenyewe. Akiliweka boga lake lililookwa katikati ya meza, akamwagia mchuzi wa tui na kuliita boga la nazi mbele ya watoto na wageni, mtoto aliyezaliwa London atakapofuturu Unguja atalitambua kwa harufu ya iliki kabla hajaonja, ijapokuwa hapo halitakuwa na kingo za kahawia.