Jaji Mwenye Kidole Kilichopinda

Mchezo ambao Wamarekani wanauita futiboli hututatiza Waswahili tunaoishi kwao. Mguu haugusi mpira ila mara chache, mpira wenyewe una umbo la yai, na wachezaji huvaa helmeti kama watu wanaokwenda vitani. Wengi wetu tumekaa huku miaka mingi bila ya kuujali mchezo huo, nami ni mmoja wao. Kilichonivuta kwa Alan Page ni shauri la mahakamani la mwaka 1992, na ilinibidi nirudi nyuma kutoka kwenye shauri hilo hadi uwanjani ili nimwelewe mtu mwenyewe.

Page alizaliwa mwaka 1945 katika mji wa Canton, jimbo la Ohio. Alisoma Chuo Kikuu cha Notre Dame, na mwaka 1967 akasajiliwa na klabu ya Minnesota Vikings. Kazi yake ilikuwa kuupenya ukuta wa wapinzani na kumwangusha mpiga pasi wao kabla hajaurusha mpira. Mwaka 1971 akawa mlinzi wa kwanza kutangazwa mchezaji bora wa ligi nzima, heshima ambayo hadi hapo ilikuwa ya washambuliaji. Alicheza fainali nne za Super Bowl, na zote nne timu yake ikafungwa. Kuhusu uwanja hayo yanatosha. Takwimu zilizobaki wanazo wapenzi wa mchezo.

Simulizi tulizozizoea husema kwamba mchezaji huzeeka, goti humsaliti, ndipo anapotafuta kazi ya pili. Kwa Page mambo hayakwenda hivyo. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Minnesota akiwa bado analipwa kucheza, akahitimu mwaka 1978. Hapo awali alikwisha kujiunga na shule nyingine ya sheria akaiacha baada ya wiki chache tu. Naipenda habari hiyo, maana inamtoa katika kundi la mashujaa wa vitabu vya kutia moyo na kumrudisha kwa watu tunaowafahamu.

Kwa nini alirudi? Jibu moja, kwa maoni yangu, liko katika chama cha wachezaji, ambako katika miaka ya 1970 alikuwa mwakilishi wa wenzake. Ligi wakati huo ilikuwa na kanuni iliyojulikana kwa jina la kamishna wake, Pete Rozelle. Mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha aliruhusiwa kwenda klabu nyingine, lakini klabu hiyo ilipaswa kuifidia ile aliyotoka, na zisipoelewana kamishna ndiye aliyeamua fidia iwe nini. Nani atakayenunua kitu ambacho bei yake itatajwa baadaye na mtu mwingine? Klabu zilijizuia, na mchezaji akabaki huru kwenye karatasi tu. Watanzania waliofuatilia mvutano wa Feisal Salum na Yanga, hadi alipohamia Azam mwaka 2023, wataisikia harufu ya jambo hilo, ingawa mkataba wa Feisal ulikuwa haujaisha. Wachezaji wa Marekani walikwenda mahakamani mjini Minneapolis, katika shauri lililobeba jina la John Mackey, na mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba kanuni ile, kwa jinsi ilivyotekelezwa, ilivunja sheria za ushindani wa kibiashara. Siamini kuwa ni sadfa kwamba mtu aliyeyaona hayo kwa karibu alikuwa darasani miaka hiyohiyo.

Kuna kisa kingine ambacho amekisimulia hadharani. Siku moja kocha aliwataka walinzi wasome kwa sauti kutoka katika kitabu cha mbinu cha timu. Baadhi yao hawakuweza. Walikuwa wanaume waliopita vyuo vikuu, na vyuo hivyo vilikwisha kuuza tiketi nyingi kwa migongo yao. Sisi wazazi wa ughaibuni, ambao watoto wetu husifiwa kwa mbio zao kabla ya kuulizwa wamesoma nini, tungefaa kukaa na kisa hicho kwa muda.

Mwaka 1978 Vikings walimwacha. Alikuwa ameanza kukimbia masafa marefu, mwili ukapungua, na kocha akaona amekuwa mwepesi mno kwa kazi ile. Chicago Bears wakamchukua, akacheza kwao hadi 1981, na wakati huohuo akawa ameanza kazi katika ofisi ya mawakili Minneapolis. Kuanzia 1985 alikuwa wakili katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo.

Sasa lile shauri. Katiba ya Minnesota inasema majaji huchaguliwa na wananchi. Kwa desturi, hata hivyo, jaji mara nyingi hujiuzulu kabla ya muhula kwisha, gavana humteua mwingine, na uchaguzi unapofika mteule amekwisha kukalia kiti. Mwaka 1992 Page alitaka kugombea nafasi katika Mahakama ya Juu ya jimbo, na gavana akaurefusha muda wa jaji aliyekuwapo ili afikie pensheni kamili. Uchaguzi ukafutika. Page akashtaki. Majaji wa mahakama hiyo walijitoa, wengine wakakalia viti vyao ili kuamua, na uamuzi ukawa kwamba kura ipigwe. Ilipigwa, akashinda, akawa Mweusi wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo.

Ukiyaweka mashauri hayo mawili pamoja, utaona ni ugomvi uleule: haki iliyoandikwa, na desturi inayoizuia isitumike.

Wapo waliosema kwamba wapigakura waliichagua jezi namba 88, si wakili. Hoja hiyo siipuuzi. Kenya, ambako tume humhoji mwombaji kabla rais hajamteua, jaji hapigiwi kura, na sijawahi kutamani utaratibu huo ubadilishwe. Umaarufu ulimsaidia Page, bila shaka. Lakini mlango wa uteuzi ulikuwa haujamfungukia Mweusi hata mmoja tangu jimbo lianze, na mlango wa kura ndio pekee ambao sheria ilimpa ruhusa ya kuubisha. Alikaa humo hadi 2015, alipotimiza miaka 70 na sheria ikamtaka astaafu. Akastaafu bila mabishano, jambo ambalo wasomaji wanaokumbuka mvutano wa majaji wa Kenya mwaka 2016, kuhusu umri huohuo wa miaka 70, hawatalichukulia kuwa dogo.

Mwaka 1988 yeye na mkewe Diana walianzisha mfuko wa kuwalipia karo vijana wasio Wazungu wa Minnesota. Sharti lake ni kwamba anayepewa fedha aende shule za chini kuwasaidia watoto katika masomo. Page pia ameandika vitabu vya watoto pamoja na binti yake Kamie. Cha kwanza kinahusu kidole chake kidogo, ambacho mchezo ulikiteua kiungo mara kadhaa hadi kikapinda na kusimama upande, na ambacho kwa zaidi ya miaka 20 kilikuwa kikitokeza kwenye mkono wa joho la jaji.