Gari Lililozama na Amana ya Watu

Kununua kitu kizima si kazi ngumu. Mtu hutazama bei, hutazama na mfuko wake, kisha hununua au huacha. Taabu huja pale kitu kilichopatwa na msiba kinapooshwa kikang'aa, kikawekwa mbele ya mhitaji kwa theluthi ya thamani yake. Hapo tamaa husema upande mmoja, na hofu husema upande wa pili, na mtu huhitaji kukaa chini apime. Mtihani wa namna hiyo ulitufika sisi watu wa madrasa yetu hapa Rufiji, na nimeona vema niwaandikie ndugu wasomaji, hasa vijana wanaoanza kushika fedha, ili wapime pamoja nami.

Mwezi wa Aprili 2024, mvua za masika zilizotiwa nguvu na El Nino ziliujaza mto Rufiji hata ukapita kingo zake. Vijiji vingi vya wilaya za Rufiji na Kibiti viliingiliwa na maji. Mashamba ya mpunga na mahindi yakafunikwa, na watu wa Muhoro na kwingineko wakahamia mahali palipoinuka. Sisi wa bonde hili mafuriko si mageni kwetu. Wazee wetu walilima mlau, yaani mazao yapandwayo katika udongo mnono unaoachwa na maji yanaporudi mtoni. Lakini maji yale yale yaneemeshayo shamba ni adui wa chombo cha chuma.

Miongoni mwa vilivyozama ni gari la jirani yetu mmoja, mfanyabiashara wa mpunga: Toyota Prado la dizeli, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Lilikaa majini siku tatu uani kwake, na maji yakafika juu ya viti. Mwezi wa Januari 2025 akatuletea habari kwamba analiuza kwa shilingi milioni 9. Gari kama hilo, la umri ule ule, lisilopatwa na maji, lilikuwa halipatikani kwa chini ya milioni 25.

Nasi tulikuwa wahitaji kwelikweli. Madrasa yetu ina matawi mawili katika vijiji vilivyo ng'ambo ya mabonde, na njia yake ni ya udongo mweusi. Wakati wa kiangazi pikipiki hupita. Masika yakishika, udongo huo hunata kama ulimbo, na pikipiki huwa mzigo wa kubebwa na mwenyewe. Wazazi walikuwa wamechanga kwa muda wa miaka miwili ili tupate gari la kuwafikisha waalimu huko, na la kuwaleta watoto siku ya mitihani. Fedha ile ilitokana na ufuta, na korosho, na mikeka waliyoisuka kina mama kwa mikono yao, pamoja na mchango wa kila Ijumaa. Jumla yake ilikuwa shilingi 10,400,000, na ufunguo wa kasha ulikuwa kwangu.

Yampasa msomaji ajue kwamba muuzaji yule hakutuficha neno. Alisema wazi, "Mwalimu, gari hili limezama. Sikuliwasha majini, wala baada yake, mpaka fundi alipofungua nozeli na kuyatoa maji. Sasa linatembea. Lakini litakalotokea kesho silijui." Kwa maneno hayo aliitimiza haki iliyokuwa juu yake. Sote twafundisha watoto habari ya Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya chungu la nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye mali akaeleza kwamba ni mvua, naye Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione. Jirani yetu aliiweka juu. Kwa hiyo swali la udanganyifu halikuwapo, na biashara ile ingekuwa halali.

Lakini halali ni mlango tu. Baada ya kuingia, mtu bado hutazama atakaa wapi. Sheria yetu humpa mnunuzi aliyefichwa aibu ya kitu hiari ya kukirudisha. Aliyeambiwa aibu ile, akaridhika, hana tena hiari hiyo. Ukweli wa muuzaji ulikuwa umeuhamisha mzigo kutoka begani kwake ukauweka begani kwetu.

Tukamwita fundi wa magari tunayemwamini, mtu wa makamo, mpole wa maneno. Mpwa wangu naye akaja, kijana mwenye bidii anayeijua biashara ya Dar es Salaam. Fundi hakuanza na injini kama tulivyotarajia. Alianza na mkanda wa kiti. Akauvuta mpaka mwisho wake, na pale mwisho tukaona mstari wa tope, kama alama ya maji ukutani mwa nyumba. Akasema, "Huu hauoshwi na mtu, kwa sababu hakuna anayekumbuka kuuvuta wote." Kisha akainua zulia. Juu lilikuwa kavu; chini yake mlikuwa na unyevu bado, na viungio vya nyaya vilikuwa vimeota kutu ya kijani.

Akafungua kizibo cha difu ya nyuma, akachota oili kidogo kwa kijiti. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, na hiyo ndiyo alama ya oili iliyochanganyika na maji. Akatufahamisha kwamba difu ikipata moto kisha ikaingia ghafula katika maji ya baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa, ikayavuta maji kwa tundu lake la kupumulia au kwa sili zilizochakaa. Gari likikaa majini kwa siku nyingi, maji hupata nafasi zaidi ya kupenya. Dawa yake si ngumu: humwagwa oili, hutiwa nyingine, na beringi zikiwa zimeliwa hubadilishwa. Injini nayo aliisifu. Maji hayashindiliki kama hewa. Injini ikiyavuta ndani huku inazunguka, mikono ya pistoni hupinda. Hii haikuwa ikizunguka, ikasalimika.

Mpwa wangu akafurahi. Akapiga hesabu pale pale: milioni 9 za gari, milioni 2 za matengenezo, nayo ni chini ya nusu ya bei ya gari zima. Upungufu ule mdogo angetukopesha yeye. Hesabu yake ilikuwa sawa, na shauku yake njema, nami nakiri kwamba moyo wangu uliifuata kwa muda.

Ndipo fundi akaingiza ufunguo, taa za dashibodi zikawaka zote, kisha zikazimika moja moja kama zinavyopasa. Moja haikuzimika: taa ya mifuko ya hewa, ile inayofutuka kumkinga abiria wakati wa ajali. Taa hiyo ikibaki inawaka, maana yake kompyuta ya gari imeona hitilafu, na siku ya ajali mifuko huenda isifutuke. Taa ya breki nayo ikawa mara yawaka mara yazima. Mpwa wangu akauliza, "Fundi, taa hizi hazizimiki?" Fundi akacheka. "Kuzima ni dakika tano, nakata waya, basi. Lakini kuzima taa si kuponya ugonjwa."

Akaendelea kueleza kwamba umeme wa gari lililozama huharibika polepole. Kutu hutembea ndani ya nyaya zilizofunikwa, mahali pasipoonekana, na gari huweza kwenda vizuri miezi kadhaa, kisha likakatika breki au likazimika katikati ya mto. Tukiwa na bahati kidogo, alisema, ni kwamba haya yalikuwa maji matamu ya mto. Maji ya chumvi hula chuma na shaba kwa kasi kubwa zaidi. Nikamwuliza kama aweza kutuhakikishia kwamba litafaa. Akanijibu, "Mwalimu, difu nakuhakikishia. Nyaya, hapana. Wala sidhani yuko fundi wa kuzihakikisha, ila kwa kuzitoa zote na kutia mpya, na gharama hiyo itawarudisha kwenye bei ya gari zima."

Jioni ile mpwa wangu alinijia barazani. "Mjomba," akasema, "tulinunue. Likitusumbua tutalipeleka Dar es Salaam. Limeshasafishwa, kadi yake haisemi kwamba lilizama, na mjini hapana atakayeuliza." Hakusema kwa ubaya, alisema kama wasemavyo watu wengi katika biashara. Lakini maneno yale ndiyo yaliyonikatia shauri. Nilimjibu, "Mwanangu, jirani yetu ametuambia kweli. Kweli hiyo tukiinunua pamoja na gari, ni yetu. Hatuwezi kuuza gari tukabaki na kweli nyumbani. Na tukimwambia mnunuzi wa mjini kama tulivyoambiwa, atatupa bei gani?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Labda hata hiyo tisa hatatoa." Nikamwambia, "Basi hiyo ndiyo thamani yake."

Lilikuwapo na jambo la pili, zito kuliko hilo. Lau fedha ingekuwa yangu, na mpandaji ni mimi peke yangu, huenda ningejaribu. Mtu mzima ana haki ya kubeba hatari yake. Lakini fedha ilikuwa ya mama aliyesuka mkeka usiku kwa taa ya mafuta, na waliokuwa wapande ni watoto wake. Mshika amana hana ruhusa ya kucheza bahati nasibu kwa mali ya aliyemwamini, hata kama aonavyo yeye bahati ni kubwa.

Siku ya pili nikaieleza kamati yote niliyoyaona, ya faida na ya hasara, bila ya kupunguza. Walikuwapo waliotaka tununue, na hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Mwisho tukakubaliana tuache. Nikaenda kwa jirani mwenyewe, maana kumwachia mtu ahadi inayoning'inia si adabu. Nikamshukuru kwa ukweli wake, na fundi wetu akamshauri aliuze kwa vipande. Milango, vioo, rimu, springi na bodi havidhuriwi sana na maji ya mto, na injini nzima ina wateja wake. Akafanya hivyo, kidogo kidogo, na kila mnunuzi alijua kipande kilikotoka.

Nasi tulilipa gharama ya uamuzi wetu. Masika ya 2025 yalipoanza, tawi la mbali lilifungwa kwa majuma sita, na baadhi ya watoto waliporudi walikuwa wamesahau sura walizokwisha hifadhi. Mzazi mmoja alinilaumu mbele ya watu, nami nilimsikiliza, kwa kuwa alikuwa na haki ya kuona uchungu. Baadaye wenyeji wa kijiji kile wakajenga chumba cha mwalimu, na kijana mmoja wetu akakubali kukaa huko wakati wa mvua. Fedha ya gari ingali kasha moja, yangoja kutimia.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba habari hizi ni za Rufiji tu. Tarehe 16 Aprili 2024, mwezi ule ule, nchi za Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko yoyote tangu kumbukumbu zilipoanza kuwekwa mwaka 1949, na magari mengi sana yalizama Dubai. Huko ni soko linalopeleka magari Afrika. Japani nako, ambako hutoka magari mengi tunayopanda, kulikuwa na mafuriko makubwa mwezi wa Julai 2018 na Oktoba 2019. Kwa hiyo anayeagiza gari na aidai karatasi ya mnada iliyoandikwa hali yake. Anayenunua hapa nyumbani na auvute mkanda mpaka mwisho, ainue zulia, atazame ukungu ndani ya taa na kutu katika bolti za viti, anuse gari lililofungwa vioo juani, aangalie rangi ya oili zote, na ahesabu taa za dashibodi zikiwaka na zikizimika. Manukato makali ndani ya gari kuukuu nayo ni ya kuulizwa.

Na muuzaji, hata asipoulizwa, aseme. Bei itapungua, naam; lakini atalala usingizi, na hapana mtoto wa mtu atakayepanda juu ya siri yake.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kununua kwetu na kuuza kwetu, na atusaidie kuzirudisha amana kwa wenyewe zikiwa nzima. Amin.