Kuchagua Kamera ya Filamu

Mtu aendaye sokoni bila kujua atapika nini hurudi na kikapu kizito na njaa ile ile. Neno hili nimelijua kwa hasara, na kwa kuwa hasara ya mmoja yaweza kuwa faida ya wengi, nataka kukusimulia, msomaji wangu, jinsi nilivyochagua kamera ya kupigia filamu mara mbili: mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vyema. Huenda nawe siku moja ukatamani kutengeneza filamu, maana katika tamasha la kitaifa la drama na filamu la shule za Kenya wanafunzi hushindana kwa filamu kama washindanavyo kwa michezo ya jukwaani na mashairi.

Mimi ni mtu wa Kiboko, katika kaunti ya Makueni, kiasi cha kilomita 160 kutoka Nairobi katika njia ya Mombasa. Nchi yetu ni kavu, yenye mibuyu na miiba. Lakini hapo Kiboko pana chemchemi, na kando yake imesimama migunga yenye magome ya manjano, ambayo kivuli chake hupendwa na kila msafiri. Barabara kuu hupita karibu, na malori hayalali usiku wala mchana. Jua, upepo na malori ndivyo vilivyokuwa walimu wangu.

Nilikuwa na hadithi. Nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba twamwita susu, alizoea kutusimulia jinsi wanawake wa ujana wake walivyotafuta maji wakati wa ukame. Nilitaka kuifanya filamu ya saa moja na nusu, naye mwenyewe aonekane ndani yake kuwa mwanamke mzee asimuliaye. Mfukoni nilikuwa na shilingi 150,000: akiba ya miaka mitatu, bei ya ng'ombe mmoja, na mkopo wa chama. Nilikwenda Nairobi nikaingia duka moja, na muuzaji akanitajia wingi wa nukta za picha ya kamera mpya hata nikaona kama kwamba nimekwisha kuwa mtu mashuhuri. Nilitoka na kamera moja, lenzi moja, betri moja na nauli ya kurudi nyumbani.

Susu aliigeuza kamera mikononi mwake akauliza, "Kitu hiki, mjukuu wangu, husikia pia au huona tu?"

Nilicheka, nikamjibu kuwa kina maikrofoni ndani yake. Laiti ningalilipima swali lile kabla ya kulicheka!

Tulipiga picha chini ya migunga kwa siku nne. Kamera ile haikuwa na tundu la visikilizio vya masikioni, basi sikujua ilichokuwa ikikisikia. Siku ya tano niliifungulia kompyuta kazi yetu. Picha zilikuwa nzuri mno. Kila kunyanzi la uso wa susu lilionekana. Lakini sauti yake ilikuwa kama ya mtu asemaye ndani ya mtungi, na juu yake ulipita upepo, na juu ya upepo yalipita malori ya Mombasa. Nilikusudia kurudia kazi yote baada ya kupata fedha nyingine. Fedha hazikupatikana upesi, na kabla ya mvua za Novemba susu alifariki. Hata leo ninazo picha zile. Naiona midomo yake ikisema, na maneno mengi siyajui.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba kamera haichaguliwi dukani, bali huchaguliwa nyumbani, kwa karatasi na kalamu, kabla ya kuonana na muuzaji. Nitakuorodheshea maswali ninayojiuliza sasa.

Swali la kwanza ni la hadithi yenyewe: itatendeka wapi, na saa ngapi? Hadithi ya usiku na nyumba za taa ndogo yataka kamera iliyo hodari gizani na lenzi yenye kinywa kipana. Hadithi ya mchana wa Kiboko yataka kamera inayoweza kuvumilia mwanga na kivuli kwa pamoja. Mweke mtu chini ya mbuyu saa sita mchana: macho yako humwona yeye na mbingu iliyo nyuma yake, lakini kamera dhaifu hukulazimisha kuchagua kimoja, ama uso uwe mweusi kama mkaa, ama mbingu iwe nyeupe kama karatasi. Kamera iliyo bora hupunguza ubaya huo. Walakini iko dawa isiyouzwa, nayo ni kupiga picha kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi alasiri. Maskini mwenye subira hupata bure kile ambacho tajiri mwenye haraka hukilipia.

Swali la pili ni la sauti. Je, kamera ina tundu la kuchomekea maikrofoni ya nje, na tundu la visikilizio? Ikiwa haina, basi tenga fedha za kununua kinasa sauti cha peke yake. Watazamaji husamehe picha hafifu kuliko wanavyosamehe maneno yasiyosikika. Maikrofoni iliyo karibu na kinywa, ikafunikwa manyoya ya kuzuia upepo, ina faida kuliko maelfu ya nukta za picha.

Swali la tatu ni la umeme. Umeme wa Kenya hupigapiga mara 50 kwa sekunde. Kamera iliyopangwa kwa desturi ya Marekani, ambako umeme ni wa mara 60, yaweza kuonyesha taa zetu zikipepesa kama jicho lililoingia vumbi. Basi hakikisha kamera yako yaweza kupiga picha 25 kwa sekunde, kila picha ikipokea mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde. Hesabu betri pia, maana chini ya migunga hapana pa kuchomeka waya.

Swali la nne ni la ghala. Chukua kamera inayotumia megabiti 100 kwa kila sekunde. Kwa saa moja itajaza gigabaiti 45. Filamu ya dakika 90, ikiwa kwa kila dakika moja utakayoitumia umepiga dakika nane, yahitaji saa 12 za picha, yaani gigabaiti 540. Weka nakala mbili, nawe utapita gigabaiti 1,000. Kamera ya fahari inayotumia mara nne ya hizo itataka ghala mara nne. Muuzaji hakutajii gharama hii, nayo hukungoja nyumbani kama mdai. Tena picha yenye upana wa nukta 1,920 yatosha kabisa kwa ukuta wa ukumbi wa shule. Ile iitwayo 4K ina nukta mara nne, lakini haina hadithi mara nne.

Usidhani kwamba haya ni maneno ya kujifariji. Mwaka 2015 Mmarekani Sean Baker alionyesha filamu yake Tangerine, iliyopigwa kwa simu za iPhone 5s. Wengi hukumbuka simu na kusahau kwamba sauti yake ilinaswa kwa maikrofoni za kazi. Karibu nasi, katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, Isaac Nabwana alitoa filamu Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, akitumia fedha chache sana na kompyuta alizoziunga mwenyewe kwa vipande vya zamani. Filamu hiyo imetazamwa na watu wa nchi nyingi. Lakini kwa uhaba wa ghala alilazimika kuifuta kazi ya asili ili apate nafasi ya filamu nyingine. Umaskini wa kamera haukumzuia. Umaskini wa ghala ndio uliomnyang'anya.

Wazee wetu wachongaji wa Ukambani wanalijua jambo hili. Mchongaji huutazama mti kwanza, ndipo achukue tezo. Hanunui tezo kwa sababu inang'aa, wala haoni haya kwa kuwa mpini wake ni mkuukuu. Aibu yake ni sanamu mbovu, si chombo kikongwe.

Mara ya pili nilikuwa na shilingi 90,000 tu. Niliziandika kabla ya kuzitumia. Shilingi 38,000 zilinunua kamera iliyokwisha kutumiwa, yenye matundu mawili niliyoyataja na lenzi inayobadilika. Lenzi nzuri huishi kuliko kamera, nayo yaweza kuhamia kamera nyingine. Shilingi 20,000 zilikwenda kwa maikrofoni, manyoya yake na visikilizio. Zilizobaki nilizigawa kwa betri mbili, kadi za kumbukumbu, diski mbili za nakala, miguu mitatu ya kusimamishia kamera, na chakula cha waigizaji, kwa maana mtu mwenye njaa haigizi vyema hata mbele ya kamera ya dhahabu. Kabla ya kulipa niliijaribu kamera juani kwa muda wa saa moja, nione kama itazimika kwa joto. Kama nisingaliweza kununua, ningaliazima au kukodi kwa siku chache, na hapana haya katika kuazima.

Filamu ilikwisha, nayo ina dakika 71. Mama mmoja jirani alishika nafasi ya susu. Tuliionyesha Kiboko jioni moja juu ya shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani. Malori yalipita barabarani kama kawaida yao, lakini kila neno la mama yule lilisikika, na wanawake waliokuwa nyuma kabisa walicheka mahali pa kuchekea na kunyamaza mahali pa kunyamazia. Nilifurahi, hata hivyo nilijua kwamba sauti niliyoitamani haikuwa ile.

Basi, msomaji wangu, ukitaka kutengeneza filamu, usianze kwa kuuliza kamera ipi ni bora. Uliza ni nani utakayempiga picha, amesimama wapi, na asema nini. Na kama ana umri mkubwa, usingoje kamera ya ndoto zako. Chukua uliyonayo leo, hata ikiwa ni simu; msogelee karibu, mwondoe penye upepo, nawe uhakikishe kwamba unamsikia.