Kubebeka na Kubebwa

Katika maduka yanayouza vifaa vya safari na kambi mjini London, Toronto au Dubai, hakuna sifa inayotajwa mara nyingi kuliko ile ya kubebeka. Jiko la gesi linalokunjika hadi likatosha kiganjani, tochi ya kichwani, kiti kinachoingia mfukoni, kichujio cha maji, pawabenki, saa inayoonyesha njia: vyote husifiwa kwamba vinabebeka. Mswahili anayeyasoma maelezo hayo na kuyageuza kimoyomoyo katika lugha yake hukutana na jambo ambalo muuzaji hakulikusudia. Kiswahili kina kauli mbili zinazokaribiana. Kitu hubebwa, na kitu hubebeka. Kauli ya kutendwa humkubali mtenda: mzigo umebebwa na Juma. Kauli ya kutendeka humkataa. Hakuna asemaye kwamba mzigo umebebeka na Juma. Kinachobebeka husimama peke yake, kana kwamba wepesi ni tabia yake ya kuzaliwa, na yule aliye chini ya mzigo hana pa kukaa katika sentensi.

Historia ya vifaa vya safari katika Afrika Mashariki inaweza kusomwa kuwa ni historia ya mtenda huyo aliyekosa nafasi. Mwezi wa Novemba mwaka 1874, Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua iliyoundwa Uingereza kwa mbao za mwerezi, yenye urefu wa futi 40, aliyoiita Lady Alice. Sifa kuu ya mashua hiyo ilikuwa kwamba inafunguka vipande vipande na kubebeka. Vipande vilipofika Unguja vikaonekana vizito kupita kiasi, ikabidi vikatwe tena ili viweze kuchukuliwa na watu katika njia nyembamba za bara. Mashua ikatembea kwa miguu ya wapagazi kwa zaidi ya miezi mitatu, kutoka pwani hadi ziwa ambalo Waingereza walilipa jina la malkia wao. Mwezi wa Machi 1875 ikashushwa majini na kulizunguka ziwa hilo. Kisha ikachukuliwa hadi Tanganyika, ikateremka mto Kongo, na mwaka 1877 ikaachwa juu ya maporomoko, karibu na mwisho wa safari. Vitabu vya jiografia vinaikumbuka kama chombo kilichopima maziwa. Wachache wanaikumbuka kama mzigo. Uledi, aliyekuwa msukani wake na aliyewaokoa wenzake wengi waliokuwa wanazama, anajulikana na watafiti zaidi kuliko wasomaji wa kawaida.

Misafara ya karne hiyo ilikuwa na vipimo vyake. Bidhaa zilifungwa mitumba, na mtumba wa mtu mmoja ulikadiriwa kuwa frasila mbili, yaani kiasi cha kilo 32. Kabla ya neno mitumba kuwa jina la nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani, lilikuwa jina la uzito uliotua bega la Mnyamwezi. Katika mitumba hiyo hiyo viliingia vitanda vya kukunja, meza, viti vya turubai, masanduku ya dawa, na vyombo vya kupimia. Burton na Speke, walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, walikadiria urefu wake kutoka usawa wa bahari kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa kuwa maji huchemka kwa joto la chini kadiri mtu anavyopanda juu. Walipata chini ya futi 1,900. Ziwa lenyewe liko zaidi ya futi 2,500. Chombo kilichobebwa kwa taabu namna ile kilikosea kwa mamia ya futi. Waliokibeba hawakuulizwa, ijapokuwa magoti yao yalikwisha kuujua kila mwinuko wa njia.

Mtu wa leo anaweza kudhani kwamba habari hizo zimekwisha. Pawabenki ya milliampea 20,000 ina uzito usiozidi sana ule wa kikombe kilichojaa chai, na hubeba takriban saa-wati 74 za umeme, chini ya kikomo cha 100 ambacho mashirika ya ndege huruhusu kwa kawaida katika mzigo wa mkononi. Hakuna mpagazi anayeonekana hapo. Lakini betri nyingi za simu na vifaa vidogo hutengenezwa kwa lithiamu pamoja na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kolwezi na sehemu zinazoizunguka. Huko baadhi ya mawe hutolewa na mitambo mikubwa, na mengine hutolewa na wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni kwa sururu na kupandisha magunia kwa kamba. Lugha wanayozungumza kwenye mdomo wa shimo ni Kiswahili.

Jambo hilo lingepaswa kumgusa msomaji wa Kiswahili aliye ughaibuni kwa namna ambayo halimgusi jirani yake. Wengi waliokulia Mombasa na vitongoji vyake wanakumbuka kwamba betri za tochi ziliitwa mawe. Mtoto alitumwa dukani kununua mawe ya tochi, mawili, na yakianza kufifia yaliwekwa juani ili yapate nguvu ya usiku mmoja zaidi. Neno lile lilionekana kuwa la kienyeji, na shule ikalisahihisha. Kumbe lilikuwa limeshika ukweli ambao jina la kisasa huuficha: kwamba mwanga wa safarini hutoka katika jiwe, na jiwe hutoka ardhini, na kuna mtu aliyelitoa.

Kinachosemwa juu ya betri kinaweza kusemwa juu ya saa yenye GPS. Inakaa kwenye kifundo cha mkono bila kuhisiwa, lakini haijui chochote kwa nguvu zake yenyewe. Husikiliza setilaiti zinazozunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,000 na kidogo, na ili ijue ilipo lazima isikie angalau nne kwa wakati mmoja. Mfumo huo ni mali ya serikali ya Marekani, na una vituo vya ardhini vinavyoukagua usiku na mchana. Wepesi wa saa ni uzito uliohamishiwa mahali pengine. Pengine hiyo ndiyo kanuni ya vifaa vyote vya namna hii: kila gramu inayopungua mkononi imeongezwa katika mgodi, kiwandani, angani, au kichwani mwa mtu mwingine. Wahenga walilisema kwa ufupi zaidi: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Zipo safari ambazo uhamisho huo hauonekani kuwa na ubaya. Wakati wa miezi ya baridi huko Oman, familia nyingi hutoka Muscat kwenda kulala katika mchanga wa Sharqiya, na miongoni mwao wamo wazee waliozaliwa Unguja na Pemba ambao bado wanapigiana hadithi kwa Kiswahili kando ya moto. Wanapofika ukingoni mwa mchanga hupunguza upepo wa magurudumu ili gari lisizame, na wakati wa kurudi huyajaza tena kwa pampu ndogo inayotumia umeme wa gari. Nyuma kuna jokofu dogo, majiko, mikeka, taa, na chupa za chai na kahawa. Gari ni mpagazi asiyedai posho. Hata hivyo bibi mmoja, akiwatazama wajukuu wakipanga vifaa hivyo, aliuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu vizuri: gari likizima hapa, wanangu, kipi kati ya hivi mtakibeba wenyewe hadi barabarani? Walicheka, kisha wakaangalia. Ukiondoa maji na tochi, hakikupatikana cha tatu.

Ugumu wa jambo huonekana wazi zaidi pale ambapo mbebaji na mbebewa ni wa nyumba moja. Mhandisi mmoja mzaliwa wa Machame, ambaye ameishi kaskazini mwa Uingereza kwa miaka zaidi ya 20, alirudi nyumbani akiwa na umri wa miaka 51 kuupanda mlima aliokua akiutazama kila asubuhi. Alijitayarisha kwa muda mrefu. Alinunua tochi ya kichwani, pawabenki mbili, saa ya GPS, kifaa cha kubana kidoleni kupima hewa katika damu, mto wa kujaza upepo, na mfuko wa kulalia uliotengenezwa kwa manyoya ya bata. Alipima kila kitu kwa mizani ya jikoni na kuandika gramu zake. Alijivunia kwamba mfuko wake mkubwa haukuzidi kilo 14.

Langoni, mizigo hupimwa. Kanuni za hifadhi zinataka mpagazi asipewe zaidi ya kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe, na kanuni hiyo ilipatikana baada ya miaka mingi ya watu kuumia. Kijana aliyepangiwa mfuko wa mhandisi alimwamkia kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu mlimani."

Kisha akauinua mfuko, akauweka kichwani juu ya kata, akatangulia. Siku ya pili jioni, kambini Shira, alifika kwenye hema akasimama kwa adabu hatua chache kutoka mlangoni.

"Samahani, mzee. Ile betri yako ikibaki na chaji, naomba nichomeke simu yangu dakika chache. Hapa mtandao unashika, nataka kuongea na mama."

Mhandisi alimpa pawabenki yote, akamwuliza kama mfuko wake ni mzito. Kijana akatabasamu. "Wa kwako ni mwepesi, mzee. Wa choo ndio kazi." Maana siku hizi kampuni nyingi hupandisha vyoo vya kubebeka, hema lake na dawa zake, na kuna mtu ambaye kazi yake ya siku saba ni hiyo.

Usiku ule mhandisi alimpigia shangazi yake. Katika ukoo wao ilisemwa tangu zamani, kwa fahari, kwamba babu alipanda mlima na Wazungu. Sentensi ilikuwa hivyo daima: alipanda. Mhandisi alikuwa hajawahi kuuliza zaidi, na ilikuwa ndiyo sentensi iliyomrudisha kutoka Uingereza. Sasa akauliza babu alikuwa amechukua nini. Shangazi hakusita, kama mtu aliyengoja kuulizwa. "Alibeba kitanda," akasema. "Kile cha turubai, cha kukunja. Yeye mwenyewe alilala pangoni."

Hakuna haja ya kulipamba jibu hilo. Kitanda kile kilikuwa, kwa wakati wake, kifaa bora cha kambi: chepesi, imara, kinachokunjika. Orodha ya muuzaji ilikisifu kwa kubebeka, na haikusema uongo. Ilichofanya ni kuchagua kauli. Ukoo nao, kwa kutaka heshima, ulichagua kitenzi kingine, kupanda, na kwa kufanya hivyo ukamaliza kazi ya kumfuta babu iliyokuwa imeanzwa na wengine. Aibu ya kubeba iliwafanya watoto wake wamnyime sifa ya alichokibeba. Mjukuu aliyelala katika mfuko wa manyoya, ndani ya hema lililosimamishwa na wengine, ndiye aliyeipata habari kamili.

Si haki kuhitimisha kwamba vifaa vyenyewe ni vibaya. Hema la nailoni lenye nguzo za alumini ni jepesi kuliko turubai la zamani, na tofauti hiyo kwanza humnufaisha shingo la mpagazi. Tochi ya kichwani imewaachia mikono wanaoshuka gizani. Kifaa cha kupima hewa katika damu humwonya kiongozi kabla mgonjwa hajaanguka. Pawabenki ilimwezesha kijana kuisikia sauti ya mama yake kutoka mita 3,800. Tena kifaa kina mipaka yake: juu ya Barafu, baridi ya usiku hupunguza nguvu za betri upesi, na wenye uzoefu huzilaza ndani ya mifuko ya kulalia, karibu na mwili, kama mtu anavyomfunika mtoto. Hata huko kileleni, mita 5,895, chombo kinategemea joto la mtu.

Kinachodaiwa na msafiri anayejua Kiswahili ni kidogo, lakini si rahisi. Anapoambiwa kwamba kitu kinabebeka, airudishe sentensi katika kauli inayomkubali mtenda, aongeze kiunganishi na, kisha angoje jina. Pengine jina litakuwa lake mwenyewe, na hapo atajua kama mabega yake yanatosha. Pengine litakuwa la kijana wa Machame ambaye ujira wake na viatu vyake ni jambo la kuulizwa kabla ya kulipia safari. Pengine litakuwa la mtu wa Kolwezi asiyejulikana, anayetamka neno jiwe kama linavyotamkwa Mombasa na Muscat. Na katika nyumba nyingi, jina litakuwa la babu, ambaye wajukuu wamezoea kusema kwamba alisafiri, na ambaye kwa kweli alibeba.