Mikono Mifukoni

Kuna watu wanaosafiri kwenda kuzika na kuna wanaosafiri kwenda kuoa. Mimi nilipanda basi Arusha, nikavuka mpaka wa Namanga, nikaenda Nairobi kutazama katuni. Washikaji wa kijiweni walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mtu mzima na ndevu zake anaenda kutazama katuni!"

Mzee wangu hakucheka. Yeye ndiye aliyenipa nauli.

Mzee alikuwa fundi wa mabango. Vinyozi, bucha, mama ntilie, wote walimjua. Kuchora alijifunza kwa kunakili magazeti ya Sani, akina Lodi Lofa na Madenge, na mimi nikajifunza kwa kumnakili yeye. Halafu kisukari kikamshika. Kwanza miguu ikawa inawaka moto usiku, kisha macho yakaanza kufifia. Daktari alitueleza kwamba sukari ikizidi kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Leo Mzee anaona mwanga na vivuli tu. Brashi zake zimo kwenye kopo juu ya kabati, zimekauka.

"Nenda," aliniambia. "Ukirudi unisimulie kila kitu."

Basi nikaenda. Tamasha lenyewe wanaliita NAICCON. Bwana we, nilikuta watu! Vijana wamevaa kama Naruto, wengine Spider-Man, na Black Panther nadhani niliwahesabu wanne. Kulikuwa na msichana aliyejitengenezea mabawa kwa maboksi na gundi, kila akipita mlangoni inabidi aende kiubavuubavu. Hakuna aliyemcheka, kila mtu alitaka kupiga naye picha. Nikawakumbuka wale wa kijiweni.

Lakini kilichonishika zaidi ni meza za wachoraji. Vijana wa rika langu wameketi na vitabu walivyochora wenyewe, wanauza wenyewe. Nairobi ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1973 Terry Hirst na Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe. Frank Odoi alitoka Ghana akafanya kazi yake hapo mpaka alipofariki mwaka 2012. Gado, kijana wa Dar es Salaam, alihamia huko mwaka 1992 kuchora gazeti la Nation. Na tangu mwaka 2010 vijana wakawa wanapata Shujaaz bure, limeandikwa kwa Sheng, lugha yao ya mtaani. Kumbe na mimi nilikuwa na ukoo, nilikuwa sijaujua tu.

Nikajipa moyo, nikamwonyesha mchoraji mmoja daftari langu. Akafunua taratibu, ukurasa baada ya ukurasa. Mwisho akauliza, "Mbona wahusika wako wote wameweka mikono mifukoni?"

Nikatazama. Kweli! Polisi, mikono mifukoni. Muuza machungwa, mikono mifukoni. Hata bibi harusi nilikuwa nimemfichia mikono nyuma ya maua.

"Mikono ni migumu," nikasema.

"Ndiyo maana uchore," akanijibu, akanirudishia daftari.

Siku nzima nilizunguka humo kama mtoto wa sikukuu. Asubuhi nilikunywa soda na mandazi. Mchana chipsi na soda. Alasiri, koo likiwa limekauka kwa kelele, soda tena. Saa moja jioni nilifika kwa shangazi kichwa kinagonga na tumbo limejaa, lakini bado nina njaa.

"Umekula, baba?" shangazi akauliza.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Nikamtajia. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kaka yangu naye alikuwa hivyohivyo. Akimaliza bango, soda. Akianza jingine, soda."

Sikuwa na la kujibu. Soda ya mililita 300 ina gramu kama 30 za sukari, karibu vijiko 7 vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilisema ingefaa mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi kwa siku. Mimi nilikunywa chupa tatu. Najua kisukari hakiletwi na soda peke yake, kuna ukoo, kuna unene, kuna kukaa kitako kutwa nzima. Sasa jihesabie mwenyewe: ukoo ninao, na sisi wachoraji kazi yetu ni kukaa kitako.

Shangazi akaniwekea bakuli la githeri, sukuma wiki pembeni na kipande cha parachichi. Githeri ndiyo makande yetu, mahindi na maharage, ila jina limevuka mpaka. Maharage yana nyuzinyuzi nyingi, hayaimwagi sukari kwenye damu kwa pupa. Nikatafuna polepole, maana makande hayaliwi mbiombio. Nikashushia maji. Nakwambia kweli, mwisho wa bakuli lile kichwa kilikuwa kimetulia, nikatoa penseli nikaanza kuchora mabawa ya yule msichana.

Niliporudi Arusha nilimkuta Mzee uani anachambua maharage kwa vidole. Kazi hiyo haimshindi, jiwe analijua kwa kuligusa. Nikamsimulia kila kitu, mabawa ya maboksi, meza, na lile swali la mikono mifukoni. Hapo alicheka mpaka maharage yakamwagika.

"Hata mimi!" akasema. "Miaka yote ya mabango, mkono niliochora ni wa kinyozi tu, na wenyewe ulikuwa kama ndizi."

Siku hiyo tulipika makande. Soda sikununua, na sijanunua mpaka leo, ingawa jua likiwa kali natamani. Kutamani si dhambi. Nikiikumbuka ile kopo juu ya kabati, nakunywa maji.

Baada ya kula nikamwomba Mzee aendelee kuchambua maharage ya kesho, asinijali. Nikakaa mbele yake na daftari nikaichora mikono yake. Wa kulia umekaa vizuri. Wa kushoto bado una vidole kama ndizi. Nitaurudia.