Kuuza mtindi baridi kwenye mji wa mvua

Bukoba si mji wa jua kali. Umekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000. Familia inayotaka kuweka akiba yake kwenye duka la aiskrimu au mtindi ianzie hapo. Huku mtu hanunui kitu cha baridi kwa sababu ya joto. Hununua kwa kuwa ni Jumapili, watoto wametoka ibadani na wanataka kuteremka ziwani.

Watoto hao hupenda duka la kujihudumia. Mtoto anachukua kikombe, anajaza mwenyewe, anaongeza karanga na nanasi, kisha kikombe kinawekwa kwenye mizani. Raha yote iko kwenye kuchagua. Kasheshe iko kwenye kulipa: kwa Sh15 kwa gramu, mathalani, kikombe cha gramu 250 ni Sh3,750, na mama mwenye watoto watatu hajui hilo mpaka afike kaunta. Akishtuka mara moja, harudi. Vikombe vidogo na bei iliyoandikwa ukutani humlinda yeye, na duka pia.

Mwenye duka naye ana hesabu zake. Nanasi ni zito na bei yake ni nafuu. Karanga ni nyepesi na ghali, lakini mizani haitofautishi. Anayejaza karanga tupu anakula faida iliyoletwa na wengine. Na pesa iliyookolewa kwa kutoajiri wahudumu haibaki yote mfukoni, maana lazima awepo mtu wa kufuta meza, kubadili vijiko na kumwangalia mtoto anayelamba kijiko cha bakuli la wote.

Ndizi mbivu je? Kagera ndizi iko nyuma ya nyumba, wachache watailipia. Vanila ni jambo jingine. Hulimwa hapa hapa, ila nyingi huuzwa nje, na mtoto wa mkulima huenda asijue ladha yake. Mtindi wenye vanila halisi unaweza kuuzwa ghali kidogo Bukoba bila aibu.

Kuna pia umeme, ambao kwa miaka mingi Kagera imeupata kutoka Uganda. Ukikatika, mtindi huvumilia saa kadhaa. Aiskrimu iliyoyeyuka haifai kugandishwa tena, kwa kuwa vijidudu huenda vimeshazaliana. Mwenye mtaji mdogo aanze na mtindi.

Kusini mwa Bukoba, baada ya Kemondo na Muhutwe, karibu kilomita 70, iko Muleba. Anayedhani atahamishia hapa duka lile lile la Bukoba anajidanganya. Hakuna duka dogo linaloshinda kwa bei, ladha, kasi na wingi wa chaguo kwa pamoja. Muleba ni njia ya mabasi ya Mwanza, na basi halimsubiri mtoto achague kati ya mabakuli manane. Abiria anataka kikombe kilichokwisha kujazwa, chenye mfuniko, cha Sh1,000 kamili ili asisubiri chenji dirishani. Mizani hapa ingekuwa mzigo tu.

Basi likishaondoka, wanabaki wanafunzi wenye Sh500. Kwao duka linahitaji kikombe cha nusu.