Nilimsahihisha Bi Mkubwa

Kwenye maktaba ya chuo kimoja, rafu ya tasnifu za muziki, kuna kitabu chenye jalada la buluu na jina langu limechapwa kwa herufi za dhahabu. Ukurasa wa 41, aya ya pili, kuna sentensi niliyoiandika mwaka 2014 kuhusu mwimbaji mmoja wa taarab wa Unguja. Nilisema kwamba "hushuka chini ya sauti ya tatu ya skeli mara kwa mara, pengine kwa sababu ya umri." Hapakuwa na ukweli hata chembe. Mama yule hakushuka popote. Na mimi kwa sentensi ile nilipewa A.

Nianze na sikio langu lilikotoka. Mimi ni mtoto wa kwaya. Nimekulia Kilimanjaro, nyumba ya pili kutoka kanisani, na mwalimu wa kwaya alikuwa baba. Solfa niliijua kabla sijajua kusoma. Baba alikuwa ameiandika kwa chaki kwenye ubao mrefu, do chini, do juu, akituonyesha kwa kijiti nasi tukifuata. Kati ya noti zote, mi ndiyo aliyoionea wivu. Kwaya ikiilegeza mi, baba aligonga kijiti mezani, tukaanza upya, hata kama giza limeingia na mama zetu wanatuita. Kinanda cha kanisa kilikuwa na vibonyezo viwili vilivyokufa, lakini mi yake haikuwahi kulegea. Tulifundishwa kukiamini kile kinanda kuliko makoo yetu.

Na sikio hilo nikaenda nalo chuoni. Shahada ilikuwa ya muziki, mchepuo wa sauti, na sifa yake ilikuwa kwamba humaliziki kwenye aina moja: utaimba Kitaliano, utaimba kwaya, utaimba dansi, utaimba muziki wa pwani. Mwaka wa kwanza tulilala chali sakafuni na daftari tumboni, tukitoa "sss" mpaka pumzi iishe huku mwalimu akihesabu. Kisha tukapewa nyimbo za Kitaliano za karne za 17 na 18 zilizokusanywa na Alessandro Parisotti, kitabu ambacho wanafunzi wengi wa sauti duniani wamekipitia. Baadaye sana nilijua kwamba Parisotti, mtu wa mwishoni mwa karne ya 19, aliwatengenezea watunzi wale waliokwisha kufa siku nyingi sehemu za piano kwa ladha ya zama zake, na wimbo mmoja maarufu alioupachika jina la Pergolesi hudhaniwa kuwa aliutunga mwenyewe. Kwa hiyo hata kitabu changu cha kwanza kilikuwa cha msahihishaji. Sisemi hivyo ili nijitetee, ila huwa nakikumbuka kila nikifikiria ukurasa wangu wa 41.

Mwaka wa pili ulikuwa mtamu. Mwalimu alituchorea ubaoni kwa nini mwimbaji wa opera anasikika juu ya okestra nzima bila maikrofoni: koo likipangwa sawasawa, nguvu ya sauti hujikusanya karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo ngurumo ya vyombo imeshapungua, na sauti ya mtu mmoja inapata mwanya wa kupita. Mwimbaji wa dansi hana shida hiyo. Tangu kurekodi kwa umeme kuanze mwaka 1925, maikrofoni imebeba mzigo huo, na mtu anaweza kuimba kana kwamba anakwambia siri sikioni, bendi nzima ikipiga nyuma yake. Tulijifunza kulishusha zoloto kwa Kitaliano, kuliacha lipande kwa injili, kuimba karibu na maongezi kwa dansi. Mdomo mmoja, kazi nne. Nilikuwa hodari. Wenzangu waliniita Kinyonga, na nilipenda.

Mwaka wa tatu kila mmoja alichagua aina moja ya kuifanyia utafiti, aimbe na aandike. Nikachagua taarab, na nikapelekwa kwa Bi Mkubwa.

Jina lake silitaji, ameshachapwa vya kutosha. Alikuwa mwanamke wa miaka 62, anakaa Ng'ambo ya Unguja, ameimba na vikundi viwili vitatu tangu usichana. Udogoni, redio ya nyumbani kwao ilikuwa ikielekezwa Cairo ili wamsikilize Umm Kulthum, na baba yake alikuwa na santuri chache za Siti binti Saad, yule aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi. Solfa alikuwa haijui wala haitaki. Nilikwenda kwake kila siku baada ya alasiri kwa wiki sita. Tulikaa barazani, kahawa na kashata katikati, kinasa sauti changu juu ya mkeka.

Mdomo wangu ulijifunza haraka. Taarab inaitaka sauti ikae mbele, nyembamba kiasi, karibu na pua bila kuingia puani, kwa sababu bwana wa wimbo ni neno. Shairi likipotea hata mtu wa nyuma kabisa ukumbini ananuna, na hatainuka kuja kukutunza. Bi Mkubwa alinishika kidevu akanizuia nisifumbue kinywa kama "mtu anayetaka kung'olewa jino". Nilifurahi. Niliandika kurasa nzima kuhusu kidevu.

Tatizo lilikuwa mi yake.

Kila alipofika pale, mwili wangu ulishtuka. Nilisikia kijiti cha baba. Haikuwa mi, wala haikuwa ile mi iliyoshushwa nusu toni ambayo watu wa solfa huiita ma. Ilikuwa katikati, na katikati, kwa sikio langu, palikuwa mahali pa watu wanaokosea. Siku ya tatu au ya nne nikatoa simu, nikafungua programu ya tyuna, nikamwomba aimbe ubeti ule mbele yake. Sindano ikaenda kushoto, ikatulia huko.

"Hichi chataka nini?" akauliza, akiinamia kioo.

"Kinapima sauti, Bi Mkubwa. Kinasema hapo umeshuka kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama nusu ya nusu."

Akakitazama tena kile kisindano, akajiweka sawa mkekani. "Basi chasikia vizuri," akasema, na akaninyooshea kikombe nimimine kahawa.

Nilicheka moyoni. Nilidhani hakunielewa. Maneno yake yapo kwenye daftari langu la utafiti, nimeyaandika kwa penseli, na pembeni nimeweka alama ya kuonyesha kwamba ni kichekesho.

Kosa langu lingesameheka kama ningekuwa sijui kitu. Nilikuwa najua. Ukurasa wa 17 wa tasnifu ile ile kuna sehemu inayoeleza makamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, imeandikwa vizuri tu, na inasema kwamba kwenye makamu ya Rast sauti ya tatu hukaa katikati, juu ya moja na chini ya nyingine, na kwamba hata mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932, Bartók naye akiwemo, ulibishana kuhusu kupima vipande hivyo vya sauti. Hayo yote niliyatoa vitabuni na kuyapanga. Kisha nikageuza kurasa ishirini na nne, nikamkuta mwanamke anayeimba kitu kile kile kwa kinywa chake, nikaandika kwamba amezeeka. Kitabuni ilikuwa nadharia, barazani Ng'ambo nikaiita kasoro.

Msimamizi wangu aliandika pembeni mwa rasimu, kwa kalamu nyekundu: "Una hakika?" Nilimjibu kwa kubandika picha ya tyuna. Nani atabishana na picha?

Mpiga fidla naye alikuwemo kwenye rekodi zangu, mzee mtaratibu asiyesema sana. Fidla haina vizuizi shingoni, kidole kinakwenda kinapotaka, na kidole chake kilikwenda pale pale alipokwenda Bi Mkubwa. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Mimi niliandika kwamba mpiga fidla "humfuata mwimbaji kwa heshima ili kuisitiri kasoro yake." Niliiona hiyo kuwa hoja nzuri sana, yenye utu. Akodiani yenyewe haina noti ile, na mpigaji wake alikuwa akiiruka tu kila ikifika. Hilo sikuligundua kabisa.

Onesho langu la mtihani niliimba wimbo wa Bi Mkubwa kwa piano, mi ikiwa imenyooka kama ubao wa baba. Ukumbi ulipiga makofi. Nilipokwenda kumsikilizisha Bi Mkubwa rekodi ya onesho lile, alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Fidla hamna huko chuoni?" akauliza.

"Zipo, Bi Mkubwa. Lakini piano ni safi zaidi."

Akasema kheri, akanipa mkoba wa karafuu nimpelekee mama.

Miaka minne ikapita. Nilikuwa nimeshapata kazi ya kufundisha sauti, na kwenye barua ya maombi niliitaja ile A. Mwaka 2018 nilialikwa kuimba nyimbo mbili na kundi dogo, na mmoja wa wapigaji alikuwa na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani. Ndiyo, jina lake na la sheria ni neno moja. Nilikuwa nimeishi kwa kanuni miaka yote nisijue kuna nyingine yenye vipini. Maana kanuni ina vipini vidogo vya chuma kwenye mwanzo wa nyuzi, na mpigaji huvipandisha na kuvishusha kwa kidole cha mkono wa kushoto ili kubadili sauti kwa vipande vidogo kuliko nusu toni.

Kabla ya mazoezi alinitaka niimbe ngazi ya Rast, polepole. Nikapanda. Do, re, mi. Akanisimamisha. Akashusha kipini kimoja, tak, akapiga uzi.

Nilikaa chini. Sauti ile niliijua. Niliisikia wiki sita mfululizo nikinywa kahawa ya mwenyewe.

Usiku ule nilifungua rekodi za 2014. Ubeti kwa ubeti, sindano ya tyuna ilikwenda kushoto na kusimama mahali pamoja. Mtu anayeshuka kwa uzee hashukii mahali pamoja kila mara. Leo anashuka sana, kesho kidogo, akichoka zaidi. Bi Mkubwa alikuwa akitua kama ndege kwenye tawi lake. Nikamsikiliza mpiga fidla. Naye alikuwa palepale, na mara nyingine alitangulia kufika, kwa hiyo hata ile hoja yangu ya kumfuata kwa heshima ilikuwa uzushi mtupu.

Ungedhani asubuhi yake nilikwenda chuoni kukiri. Sikwenda, na hili linanitia aibu kuliko lile la kwanza. La kwanza lilitokana na sikio. La pili lilitokana na mshahara. Nilijiambia kwamba tasnifu za shahada ya kwanza hazisomwi na mtu, vumbi litanisitiri. Nikakaa kimya miaka mitatu, na katika miaka hiyo nikawafundisha wanafunzi wangu kuhusu Rast kwa ufasaha mkubwa, nikiwaambia wasiharakishe kumkosoa mwimbaji mzee.

Mwaka 2021 kijana mmoja alinipigia simu. Anasoma shahada kama ile yangu, ameisoma tasnifu, ameipenda. Akanisomea alichokiandika: kwamba utafiti umeonyesha waimbaji wazee wa taarab hushuka sauti ya tatu. Bi Mkubwa wangu mmoja ameshakuwa waimbaji wote. Na yeye alikuwa anapanga kwenda Tanga na simu yake kuwapima wengine.

Nilimjibu kwa kuzungukazunguka, nikamwambia aongeze vyanzo. Saa mbili baadaye nikampigia tena na kumweleza kila kitu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama bado anaruhusiwa kunitaja. Chuo nacho nilikiandikia. Nilijibiwa kwa adabu kwamba kazi iliyokwisha kutahiniwa haibadilishwi. Kwa hiyo sentensi bado ipo.

Mwisho nikapanda boti. Bi Mkubwa alikuwa na miaka 69, macho yamepungua, baraza ile ile. Shikamoo, marahaba, habari za mama. Nilimweleza nilichokijia. Kisindano hakukikumbuka. Nilipofika kwenye mi alinipungia mkono kama anayefukuza nzi, hilo analijua, watu wa bara wana masikio ya kinanda, ndivyo walivyo.

"Nisomee ulivyoandika," akasema.

Nikasoma. Mara kwa mara, pengine kwa sababu ya umri.

"Kwa sababu ya nini?"

"Ya umri, Bi Mkubwa."

"Nilikuwa na miaka mingapi?"

"Sitini na mbili."

"Umri!" Akamwita mkaza mwana wake atoke jikoni, akamtuma mtoto amwite bi jirani, akavuta mkeka pawe na nafasi. Walipokusanyika, akaniambia nisimame vizuri na nisome tena, toka mwanzo, kwa sauti ya kusikika.

Nikasimama, nikasoma.